Misumari Miwili Mdomoni

Kila aliyeingia wodini alikuja na lake, lakini mwisho wa yote ulikuwa uleule: "Usiogope." Shemeji zake walisema usiogope. Majirani walisema usiogope, huku macho yao yakiiba kutazama miguu yake chini ya shuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyefungwa kola ngumu shingoni hata akitaka kutazama pembeni inabidi ageuze mwili mzima kama kabati linalohamishwa, naye akasema usiogope. Mgonjwa mwenyewe, fundi makochi, aliwauliza wote swali moja: nani kawaambia naogopa? Nimelia? Nimetetemeka? Basi tokeni hapa mkaogope makwenu.

Kwa kauli yake mwenyewe, hakuwa na woga hata chembe. Alikuwa na hasira, na kwa hilo tusimsingizie, maana hasira yenyewe ilionekana hata na asiyekuwa na macho. Alimkasirikia mgonjwa mwenzake kwa kukoroma. Aliukasirikia mlango wa choo kwa kupiga kelele. Alilikasirikia gauni la hospitali, lile lililo wazi nyuma, akasema yeye kafunika migongo ya makochi ya mtaa mzima, na leo mgongo wake mwenyewe unapigwa na upepo mbele za watu. Mama Pacha, mkewe, alikaa kwenye stuli kando ya kitanda akiyasikiliza yote hayo na uso umekunjamana. Alikuwa amechoka kupita kiasi.

Kinachoshangaza ni kwamba mtaani mtu huyuhuyu aliitwa Fundi Kimya. Jina hilo lilikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuhusu tabia yake hata kidogo. Mafundi makochi wa zamani hawashiki misumari mkononi. Mkono mmoja unavuta kitambaa mpaka kinyooke, mwingine una nyundo, na misumari, ile midogo ya kichwa bapa, inakaa mdomoni. Ulimi unaugeuza msumari kule ndani, unautoa kichwa mbele, nyundo yenye sumaku inaudaka pale midomoni, inaugonga kwenye mbao, inarudi kuchukua mwingine. Aliyezoea anafanya hivyo kutwa nzima bila kujichoma.

Ila mtu mwenye misumari mdomoni haongei. Mteja akija juu kwa sababu kochi lake limechelewa, Fundi Kimya alitikisa kichwa. Mteja akitukana, Fundi Kimya alitikisa kichwa. Mama Pacha akiingia karakana kugomba juu ya bomba linalovuja, alimtazama kwa macho ya upole, akatikisa kichwa, mpaka mama wa watu akachoka, akacheka, akaenda zake. Watu wakasema yule bwana ana subira ya ajabu. Subira gani! Alikuwa na misumari mdomoni.

Halafu mgongo ukamkatalia. Mtu aliyebeba makochi ya watu watatu peke yake, akainama juu ya springi na sponji tangu ujanani, siku moja aliinama kuokota mkasi na hakuweza kuinuka. Tangu siku hiyo hakugonga msumari tena, na mdomo wake ukabaki mtupu. Yote aliyokuwa ameyameza karakana yakaanza kutoka, na yalitokea sebuleni kwa Mama Pacha. Alimfukuza dada yake kwa kosa la kumletea mto. Alimtukana fundi bomba, mtu aliyekuja kurekebisha lile bomba hatimaye, mpaka akaenda zake bila kuligusa. Jioni moja alitoka dukani akachechemea mpaka nyumbani akiwa na ndala moja tu, mguu wa kushoto peku, na mkewe alipouliza ndala nyingine iko wapi akamgombeza kwa kununua ndala mbovu zinazovuka zenyewe. Alifoka mpaka majirani wakafunga madirisha.

Mara ya kwanza walipofika hospitali, daktari bingwa, mwanamke mrefu asiyependa kuzungusha maneno, aliwaonyesha picha ukutani. Pingili za kiuno zimesogea, zimebana mishipa ya fahamu inayoteremka miguuni. Zikiachwa hivyo, mguu wa kushoto utakufa, na wa kulia utafuata.

"Na ukinipasua?" aliuliza Fundi Kimya.

"Nitaondoa kinachobana, nitazishika pingili kwa vyuma na skrubu. Hatari ipo, sikufichi. Mgongo ni mgongo."

"Kwa hiyo unaweza kunipasua nisitembee, na nisipopasuliwa pia sitembei."

"Usipopasuliwa hutatembea, hilo nina hakika nalo. Ukipasuliwa nina matumaini makubwa."

"Matumaini!" Alimgeukia mkewe kama vile yeye ndiye aliyelisema. "Mimi mtu akiniletea kochi namwambia nina matumaini?"

Daktari hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza mguu unasikiaje. Fundi Kimya akajibu ni mzito kidogo tu, uzito wa kawaida, hata mtu aliyekaa vibaya huupata. Daktari alimgusa hapa na pale, na kila alipogusa, mgonjwa alisema anasikia, anasikia, anasikia vizuri sana. Kisha mgonjwa akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kidonda watakifunga kwa kitu gani.

"Kwa pini," daktari alisema. "Tuna kifaa maalumu, ni haraka na ni salama."

Hapo ndipo alipopanda mori kwelikweli. Kuna vitu viwili Fundi Kimya alivichukia duniani: mteja anayesema kochi la dukani ni bora, na bunduki ya pini. Mdogo wake, aliyemfundisha kazi mwenyewe, alikuwa amenunua bunduki hiyo, anakwenda nayo paa-paa-paa juu ya kitambaa, kochi linakwisha kabla gundi haijakauka. Ugomvi wao juu ya jambo hilo ulikuwa wa kudumu. Na sasa yeye, mgongo wake mwenyewe, ufungwe kwa pini! Aliahirisha mara ya kwanza kwa kusema ana mafua. Akaahirisha tena kwa kusema karakana haina mtu. Mama Pacha ndiye aliyempakia kwenye teksi safari hii, akamwambia, "Ukiahirisha tena, utajikokota mwenyewe kwenda chooni, mimi simo."

Asubuhi ya upasuaji, basi, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda ndani ya gauni lake la aibu. Kooni kulikuwa na neno limesimama linataka kutoka. Alijua kabisa ni neno gani. Alijua pia likitoka mbele ya mkewe, baada ya kelele zote zile, hatakuwa na pa kuuweka uso wake.

Koti lake la kazi lilining'inia ukingoni mwa stuli, lile alilomletea Mama Pacha ajifunike baridi ya wodi. Mama Pacha alipokwenda kunawa, aliingiza vidole kwenye mfuko wa koti, na humo, kama siku zote, mlikuwa na misumari iliyosahaulika. Miwili. Aliitazama. Nesi alikuwa amemwonya usiku asile wala asinywe chochote. Fundi Kimya akafikiri, akaona msumari si chakula wala si kinywaji. Akaifuta kwa gauni, akaitia mdomoni.

Jamani, utamu wake! Ladha ile ya chuma, ulimi ukaigeuza wenyewe bila kuambiwa, mmoja shavu hili na mmoja shavu lile. Mabega yakalegea. Mama Pacha aliporudi alimkuta ametulia, akamuuliza kama anasikia baridi, naye akatikisa kichwa kwa upole wake wa zamani. Mama Pacha akashusha pumzi. Alidhani mumewe amepiga moyo konde.

Ingekuwa heri utulivu huo ungedumu, lakini mdogo wake akaingia.

"Shikamoo, kaka."

Fundi Kimya alitikisa kichwa.

"Naona leo umepoa. Vizuri. Nimekuletea habari njema, lile kochi la watu watatu uliloliacha karakana nimelimaliza. Mwenyewe alikuja juu, nikaona lisikae uchi mpaka wewe utakapopona."

Fundi Kimya akafinya macho. Akanyanyua mkono, akafanya ishara ya nyundo hewani, tik, tik, kisha akauliza kwa nyusi.

"Aa, kaka, nyundo ya nini tena? Nimepiga pini. Limetoka safi, mwenyewe kafurahi." Mdogo mtu akacheka, na kicheko kikamponza. "Kwani wewe leo si unafungwa kwa pini vilevile? Mtafanana!"

"Mwanaharamu wewe!" Sauti ilitoka na mate na kila kilichokuwemo. "Kochi langu! Mimi ndiye niliyekutoa kwenye kuuza karanga! Unalipiga pini kama boksi la sabuni? Toka! Toka kabla sijakuvunja na wewe mgongo tulale wote hapa!"

"Baba Pacha!" mkewe alisema.

"Na wewe nyamaza! Wote nyinyi mnataka nipasuliwe mjigawie nyundo zangu!"

Yule wa kola alijigeuza kiwiliwili chote asikose kitu. Mdogo mtu alisimama mdomo wazi, machozi yakamlengalenga, akasema, "Ugua pole, kaka," akatoka bila kugeuka nyuma. Mama Pacha alikunja mikono kifuani akatazama dirishani, na kwa kutazama huko Fundi Kimya akajua kwamba safari hii amevuka mpaka.

Nesi aliingia na kitanda cha magurudumu. "Haya mzee, wakati umefika. Meno ya bandia unayo? Fungua mdomo nione."

Fundi Kimya akafunga mdomo kwa nguvu zaidi.

"Mzee, fungua."

Alipoona hakuna njia, ulimi ukafanya ulichozoea. Msumari ukatokeza midomoni, kichwa mbele. Nesi aliutazama kama aliyeona nyoka akichungulia shimoni. Akakinga kiganja, ukadondoka.

"Hiki nini?"

"Msumari."

"Naona ni msumari! Unafanya nini mdomoni? Kuna mwingine?"

"Upo mmoja zaidi," alisema, na ulimi ukaenda kuutafuta. Ukapita shavu la kulia, ukapita la kushoto, ukaingia chini yake wenyewe, ukapanda juu. Haukuwepo. "Ulikuwepo," alisema.

Nesi alitoka mbio. Daktari bingwa akaja akiwa tayari amevaa kofia ya chumba cha upasuaji, akafuatwa na daktari wa nusu kaputi, na wote wawili wakamtazama mgonjwa wao namna watu wanavyomtazama mtu mzima aliyekutwa amepanda juu ya friji.

"Umeumeza?"

"Sijui."

"Hujui! Unajua tukikulaza na kitu hicho kooni kinakwenda wapi? Kinakwenda kwenye mapafu!" Kumbe daktari bingwa naye alikuwa na hasira zake, alikuwa akizitunza tu. "Nimeamka kwa ajili yako. Watu wote wale mle ndani wamejiandaa kwa ajili yako. Sasa utapigwa picha ya tumbo, na leo upasuaji haupo. Nafasi yako anapewa mwingine, wewe utarudi mwezi ujao."

Mwezi ujao! Fundi Kimya alisikia kitu kizito kikimtoka kifuani. Huo ulikuwa ushindi aliokuwa akiutafuta tangu mafua yale ya uongo. Furaha ilitaka kumtoka usoni, akaiwahi kwa kufoka. "Sawa! Kwani nani aliwaomba? Pini zenu kaeni nazo! Mama Pacha, lete koti twende zetu!"

Mama Pacha hakuinuka kwenye stuli. Basi akateremka mwenyewe. Hata ndala hakutafuta. Alishika ukingo wa kitanda, akashika ukuta, akalizunguka jitanda lile la magurudumu, akanyanyua kidevu kama mtu aliyewashinda wote, akajikokota hadi kwenye stuli na kunyakua koti lake.

"Simama hapo," mkewe alisema.

"Nini tena?"

"Nimekwambia simama. Usinyanyue mguu."

Alikuwa akitazama sakafu. Fundi Kimya naye akatazama. Kwenye vigae vyeupe, kutoka kitandani mpaka pale aliposimama, kulikuwa na vidoa vyekundu, kimoja kila alipokanyaga na mguu wa kushoto. Mama Pacha akapiga magoti. Akaushika mguu ule kwa mikono miwili, akaugeuza, na katikati ya kisigino kulikuwa na kichwa bapa cha msumari, kimezama mpaka kimekuwa sawa na ngozi. Hapo ndipo ulipokuwa. Uliruka mdomoni alipokuwa akimtukana mdogo wake, ukaanguka chini, naye akaukanyaga na kuutembelea kifua mbele.

"Ng'oa," alisema.

Mama Pacha akauchomoa kwa kucha. Fundi Kimya alimtazama akiuchomoa. Alisubiri maumivu kama mtu aliyebisha hodi anavyosubiri mlango ufunguliwe. Aliona damu ikifuata msumari, aliona vidole vya mkewe vikibonyeza kidonda. Maumivu hayakuja. Ilikuwa kama anatazama mguu wa mtu mwingine.

Daktari naye alishachutama. Hasira zilikuwa zimemtoka. Alichukua kalamu mfukoni, akapitisha ncha yake kwenye unyayo. "Hapa?"

Kimya.

"Hapa je?"

"Hapana."

"Siku ile uliniambia unasikia."

"Nilikudanganya."

"Tangu lini hausikii?"

Fundi Kimya akashusha macho. Alimtazama mkewe aliyepiga magoti pale chini, na mkewe akamtazama yeye, na taratibu uso wa Mama Pacha ukabadilika. "Ile ndala," alisema. "Ile ndala ilivuka njiani na wewe hukujua."

Fundi Kimya alifungua mdomo afoke. Alitafuta la kufoka, akalikosa. Kwenye mdomo ule hapakuwa na msumari wala tusi, kulikuwa na lile neno tu, na safari hii halikukutana na kizuizi.

"Naogopa," alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu wodini alilisikia. Kisha akalisema tena, kwa sababu la kwanza halikumuua. "Naogopa, Mama Pacha. Naogopa nikilala kifudifudi pale mezani nisiamke. Naogopa nikiamka niwe nusu mtu, unifute na unigeuze kama mtoto mchanga. Nimeogopa tangu siku ile ya mkasi."

Pengine ulitegemea mkewe amkumbatie. Mama Pacha alisimama wima, msumari wenye damu mkononi, akawaka.

"Kumbe ni hilo tu? Wakati wote huu umenitukana, umemfukuza wifi yangu, umemtoa machozi ndugu yako wa tumbo moja, kumbe neno lenyewe ni hilo moja? Na mimi je? Unadhani mimi nalala? Kila ukikohoa usiku naupapasa mguu wako nione kama una joto! Naogopa kuliko wewe, mjinga wewe, na nani nimemtukana?"

"Mimi," alisema Fundi Kimya. "Sasa hivi."

Mgonjwa wa kola alicheka mpaka akashika shingo. Mama Pacha hakucheka. Alijifuta machozi kwa mgongo wa mkono, kwa ghadhabu, kama anayefukuza inzi.

Daktari bingwa aliinuka. "Ilikuwa misumari miwili tu? Una hakika?"

"Miwili. Naapa."

"Na yote imepatikana. Basi nisikilizeni. Mguu umeshafika hapa, na mimi mwezi mwingine sikupi tena. Kidonda cha kisigino kisafishwe, apigwe sindano ya pepopunda, na tunaingia leo hii. Au unasemaje, mzee?"

Wote wakamgeukia. Ushindi wake ulikuwa bado upo, mlango uko wazi, koti liko mkononi. Alilitazama koti. Alikitazama kisigino chake kinachotoka damu bila yeye kuwa na habari. Kisha akamrudishia mkewe koti, akageuka, akajikokota mwenyewe kwenye kitanda cha magurudumu. Alikuwa akitetemeka waziwazi na hakumficha mtu.

Nesi akasafisha, akafunga bandeji, akachoma sindano. Kisha akasema, kwa sauti ya askari, "Fungua mdomo." Fundi Kimya akaufungua wote. Nesi akamulika kwa kurunzi juu, chini, mashavu yote mawili. Hamna kitu.

Walimsukuma kwenye korido ndefu, Mama Pacha akitembea kando, mkono wake umeshika chuma cha kitanda. Na njiani kote Fundi Kimya aliongea. Aliongea kuliko alivyoongea miaka yote ya karakana. Alisema mdogo wake atafutwe, aambiwe kaka yake ni mpumbavu na hakumaanisha. Alisema kochi lile lakini, pini zote zing'olewe, moja moja, ligongwe misumari, hilo halibadilishi hata afe. Alisema dada yake arudi na ule mto. Alisema bomba bado linavuja. Alisema anaogopa. Alisema hii taa ya juu inamuumiza macho, nani fundi umeme wa hapa, na kwamba anaogopa sana, na kwamba siku zile Mama Pacha alipokuja karakana kugomba yeye alikuwa anamsikia, kila neno alilisikia, alikuwa tu hana nafasi ya kujibu.

"Utanijibu ukitoka," alisema Mama Pacha. "Nayakumbuka yote."

Mbele ya milango miwili ya chumba cha upasuaji nesi akamwambia mwisho wake ni hapo. Mama Pacha akaachia chuma. Kwenye kiganja kile kingine alikuwa bado na msumari.

"Usiutupe," Fundi Kimya alipaza sauti huku akisukumwa ndani. "Msumari mzuri huo, una kazi! Na mwambie yule bwege—"

Milango ikajifunga, Fundi Kimya akiwa bado anaongea.